Simu za intaneti: Pima laini kabla ya kununua

Mteja anayepiga simu kuuliza bei ya mbolea na kukuta sauti inakatikakatika hukata tamaa, akapiga duka la jirani. Hasara hiyo huwapata wenye maduka na vyama vya ushirika wanaofunga simu za intaneti bila kupima laini yao.

Kabla ya kusafiri, sauti hufungashwa na programu iitwayo kodeki. Kodeki ya G.711 hutoa sauti safi, lakini kila simu hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda, na nyingine 87 kurudi. G.729 hula takriban 31 tu, ingawa ubora hupungua kidogo. Tangu 2017 haidai ada ya leseni. Opus, iliyoidhinishwa mwaka 2012, ni ya bure na hujirekebisha kulingana na laini.

Piga hesabu. Laini inayotuma kilobiti 512 kwa sekunde hubeba simu 5 za G.711 au 16 za G.729, endapo hakuna kazi nyingine ya intaneti. Hivyo acha nafasi.

Unaponunua simu, hakikisha zote zina kodeki uliyochagua. Zisipolingana, mtambo huelemewa na kazi ya kubadili sauti, au simu hazipokelewi kabisa. Simu ya mezani ya zamani usiitupe; adapta huweza kuiunganisha. Umeme ukikatika simu hizi huzimika, kwa hiyo tenga fedha za betri.

Anza na simu mbili, zijaribu saa ambazo wateja ni wengi, ndipo uongeze.