Virusi Viwili Katika Shina Moja la Muhindi

Mnamo Septemba 2011, wakulima wa Bomet, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, waliona mahindi yao yakigeuka manjano na kukauka, kuanzia kingo za majani kuelekea ndani. Mimea mingi ilikufa kiini kabla ya kuzaa. Magunzi yaliyotoka yalikuwa na punje chache, na mengine matupu. Mwaka uliofuata maradhi yalikwisha kuingia Tanzania na Uganda.

Ugonjwa huu, uitwao kwa kifupi MLN, hauletwi na virusi vya aina moja. Kuna virusi vilivyotambuliwa Peru katika miaka ya 1970, vienezwavyo na vithripsi na baadhi ya wadudu wenye mbawa ngumu. Kisha kuna virusi vya batobato ya miwa, wenyeji wa siku nyingi, vienezwavyo na vidukari na kwa kupanda pingili za muwa mgonjwa. Batobato peke yake hupaka majani madoa yaliyopauka, na mara nyingi muhindi huvumilia ukazaa. Virusi hivyo viwili vikikutana katika shina moja, shamba zima laweza kupotea. Kwa hiyo mkulima aliyezoea kuyapuuza madoa yale hakuwa mjinga. Jambo jipya ni ujio wa mgeni.

Dawa ya kuponya mmea hakuna. Kupuliza hupunguza wadudu tu. Mmea mgonjwa hung'olewa, na shamba hupumzishwa mahindi kwa msimu mmoja au zaidi, likapandwa maharage au viazi. Mtama na ulezi havifai kushika zamu hiyo, kwa kuwa ni jamaa wa nyasi kama muhindi wenyewe.

Lililo zito zaidi ni mbegu. Virusi vya yule mgeni hupita ndani ya punje, ingawa kwa nadra, na miche michache yatosha kuwapa wadudu pa kuanzia. Tunaelewa vyema thamani ya debe la mbegu ambalo mjomba humpa kijana anayefungua shamba lake la kwanza. Hata hivyo, debe lililotoka katika shamba lililougua lisitolewe kuwa mbegu, hata kwa mapenzi.

Virusi hivi havimdhuru mtu wala mnyama, na majani mabichi ng'ombe hula. Punje zilizoota kuvu ni habari nyingine: zaweza kuwa na sumukuvu, wala kuku hawastahili kupewa. Kuzichanganya na nzima ili gunia lijae ni ghushi, tena yenye kuugoza watu.

Huko Naivasha, tangu 2013, KALRO na CIMMYT wanacho kituo ambamo maelfu ya aina za mahindi huambukizwa kwa makusudi ili zipatikane zinazostahimili. Baadhi ya mbegu hizo zimekwisha kuidhinishwa. Zinaugua kidogo, lakini huzaa. Anayekwenda dukani kabla ya mvua na amuulize muuzaji kwa jina la ugonjwa, asiridhike na kuambiwa kwamba mbegu ni nzuri.