Video ya polepole, wimbo upi? Chagua muziki unaokuletea wateja bila kukuletea kesi

Je, duka lako liko kwenye simu? Basi hauko peke yako. Muuza keki wa Githurai, kinyozi wa Kisumu na fundi wa mageti wa Kariobangi wote wanarekodi kazi zao, wanaziweka kwenye WhatsApp Status, TikTok au Instagram, na mteja akivutiwa analipa kwa Till hapo hapo. Video zinazoshika macho sana ni zile za mwendo wa polepole, au slomo kama wengi tunavyoziita: chokoleti ikimwagika juu ya keki, nywele zikianguka, cheche za welding zikiruka.

Shida huanza kwenye muziki. Wengi huchukua tu wimbo unaovuma wiki hiyo, wanapandisha video na kulipia tangazo. Baadaye mtandao unazima sauti ya video au unaiondoa kabisa, na pesa ya tangazo ishaenda. Wengine sauti yao haizimwi, lakini wimbo na picha vinavutana hadi mteja anapita bila kuona bei. Leo tuangalie jinsi ya kuchagua wimbo unaofaa video yako, na ambao una ruhusa ya kuutumia kufanya biashara.

Kwanza, zima sauti ya video yenyewe

Video ya kawaida ya simu mara nyingi huwa na picha 30 kwa sekunde. Ukiweka slomo, simu huchukua picha 120 au 240 kwa sekunde, kisha huzionyesha kwa kasi ile ile ya 30. Kwa hivyo ukirekodi kwa 120, sekunde 1 inageuka kuwa sekunde 4. Kwa 240, inageuka kuwa sekunde 8.

Sauti nayo ikivutwa hivyo inakuwa nzito na ndefu, na mtu akicheka anasikika kama ng'ombe. Ndiyo maana video hizi zinahitaji muziki kuliko video za kawaida. Kama unataka kuongea na mteja, rekodi sauti yako kando kisha uiweke juu ya video wakati wa kuhariri. Muziki ushushe chini wakati unaongea.

Polepole haimaanishi usingizi

Watu wengi hudhani picha ikienda pole, wimbo nao lazima uwe wa kubembeleza mtoto. Tazama filamu ya Uingereza ya mwaka 1981, Chariots of Fire. Karibu na mwanzo wake wanariadha wanakimbia ufuoni kwa mwendo wa polepole, na muziki ni wa Vangelis, ambaye alishinda tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Sikiza vizuri: kinanda kinaimba taratibu, lakini chini yake kuna mdundo mdogo unaopiga haraka haraka bila kukatika. Ule wa juu unalingana na miguu unayoiona. Ule wa chini unakuambia mioyo ya hawa watu inadunda.

Hiyo ndiyo siri ya kutafuta. Chagua wimbo wenye sauti ndefu zinazotembea pole juu, na kitu kidogo chini kinachosukuma mbele: gitaa linalodonolewa, kayamba, au makofi mepesi. Benga ya kasi yenye gitaa linalokimbia huenda ikaifanya slomo ionekane kama video iliyokwama kwa sababu bando zimeisha. Wimbo usio na msukumo wowote nao humfanya mtazamaji apitishe kidole kabla chokoleti haijafika chini.

Fikiria pia unauza nini. Keki na manukato hupenda ala laini kama kinanda, gitaa au udi. Cheche za welding na povu la kuosha magari hupenda ngoma nzito yenye kishindo kimoja kikubwa. Nyatiti yenye nyuzi zake 8 inaweza kufaa sana video ya vikapu au viatu vya ngozi, na itakutofautisha na wale wote wanaotumia biti moja.

Piga hesabu ya midundo

Usiogope, hii ni hesabu ya darasa la nne. Sikiza wimbo huku ukigonga meza, uhesabu midundo ndani ya sekunde 15, kisha uzidishe kwa 4. Ukipata midundo 20, wimbo huo una midundo 80 kwa dakika. Nyimbo za kati ya 60 na 90 mara nyingi hukaa vizuri na slomo.

Sasa chukua mfano wa keki. Umemwaga chokoleti kwa sekunde 3, ukarekodi kwa picha 120, kwa hivyo una video ya sekunde 12. Kwenye wimbo wa midundo 80, kila midundo minne huchukua sekunde 3. Sekunde zako 12 ni mafungu manne kamili ya midundo minne. Panga hivi:

- Fungu la 1: kijiko kinainuka.
- Fungu la 2: chokoleti inaanza kushuka.
- Fungu la 3: inagusa keki, pale mdundo mzito unapopiga.
- Fungu la 4: keki nzima inaonekana, pamoja na bei na namba yako ya Till.

Picha ikigusa mahali mdundo unapogusa, mtu anasimama kutazama hata kama hajui ni kwa nini. Kama wimbo una sehemu tamu katikati, usianzie mwanzo wa wimbo. Kata uanzie hapo, kwa sababu hakuna mteja atakayekungojea nusu dakika.

Jambo lingine: baadhi ya simu huacha mwanzo na mwisho wa video kwa kasi ya kawaida na kupunguza mwendo katikati tu. Hiyo ni nafasi nzuri. Pale mwendo unapobadilika, hapo ndipo muziki nao ubadilike.

Ujaribu kwa simu ya kawaida

Wateja wako wengi watasikiza kwa spika ndogo ya simu, na spika hiyo haitoi besi vizuri. Wimbo uliokutikisa kwenye matatu unaweza kubaki kelele nyembamba. Kabla ya kuchapisha, sikiza bila earphone. Kisha itazame video ukiwa umezima sauti kabisa, maana wengine watakuwa kazini au kanisani. Je, bei na Till bado zinaonekana? Kama umeweka maandishi mengi, tumia wimbo usio na maneno. Mtu hawezi kusoma bei yako huku anaimbiwa habari za mapenzi.

Wimbo ni wa nani?

Hapa ndipo pesa zako ziko hatarini, kwa hivyo soma polepole. Kila wimbo una haki mbili: ya aliyeutunga na ya mwenye rekodi. Nchini Kenya haki hizi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na KECOBO. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Vangelis alifariki mwaka 2022, kwa hivyo kwa hesabu ya sheria yetu muziki wake unalindwa hadi mwisho wa 2072. Beethoven alifariki 1827, tungo zake ziko huru, lakini rekodi ya juzi ya okestra ikicheza Beethoven ina mwenyewe.

Tuondoe uvumi kidogo:

- "Sekunde 15 ni bure." Hakuna sheria inayosema hivyo.
- "Nimemtaja msanii." Kumtaja ni adabu, lakini si ruhusa.
- "Niliununua wimbo." Ulilipia kuusikiza. Kuutumia kwenye tangazo ni jambo tofauti.

Njia salama zipo. Ukiwa na akaunti ya biashara TikTok, tumia maktaba yao ya muziki wa kibiashara. Ruhusa hiyo ni ya TikTok, kwa hivyo ukihamisha video ile ile kwingine, angalia upya. Facebook na Instagram wana Sound Collection, na YouTube wana Audio Library, ambako baadhi ya nyimbo zinakutaka umtaje mtunzi kwenye maelezo ya video. Ukikutana na leseni za Creative Commons, angalia herufi. NC maana yake isitumike kibiashara. ND maana yake usiibadilishe kazi, na leseni hizo huhesabu kuunganisha wimbo na video kuwa ni kuibadilisha. Zote mbili hazikufai.

Ukiamua kulipia biti

Kuna maprodyuza wengi mtaani watakaokutengenezea biti ya sekunde 20 yenye kishindo mahali unapotaka. Kabla ya kutuma pesa, mwandikiane, hata kama ni kwa ujumbe: biti itatumika kwenye mitandao gani, kwa muda gani, na kama unaruhusiwa kuiweka kwenye tangazo la kulipia. Muulize pia kama ametumia vipande vya nyimbo za watu wengine.

Ukilipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla malipo hayajakamilika. Likiwa tofauti na la mliyepatana, simama kwanza uulize. Hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na makubaliano yenu, maana siku video ikilalamikiwa huo ndio ushahidi wako.

Na ukipigiwa simu au kuandikiwa kwamba umevunja hakimiliki, utume pesa sasa hivi ndio akaunti isifungwe, usitume. Fungua programu ya mtandao wenyewe uone kama kuna ilani yoyote. Hakuna mwenye wimbo, mtandao wala mhudumu wetu anayehitaji PIN yako.

Wahenga walisema pole pole ndio mwendo. Kabla ya kupandisha video yako ijayo, zima sauti yake, hesabu midundo ya wimbo, na uhakikishe una ruhusa ya kuutumia. Kisha chapisha, na uweke simu karibu usubiri ule mlio wa "umepokea".