Kufundisha Faida na Hatari za Nguvu za Nyuklia

Mwalimu afundishapo jambo lenye faida na hatari pamoja, hukabiliwa na vishawishi viwili: kulisifu mno au kulitisha mno. Nguvu za nyuklia ni jambo la namna hiyo. Yatupasa kumpa mwanafunzi mizani, wala si hukumu iliyokwisha kutolewa.

Tuanze na lile alijualo. Mvuke huinua kifuniko cha sufuria. Mvuke mwingi huzungusha mitambo ya umeme. Katika kinu cha nyuklia, joto la kuchemshia maji halitokani na kuni wala makaa, bali hutokana na kupasuliwa kwa viini vya atomi za urani. Kituo cha Obninsk, katika Muungano wa Sovieti, kilianza kutoa umeme huo mwaka 1954, nao hupatikana pasipo moshi. Mionzi nayo hutibu saratani; na huko Unguja, katika miaka ya 1990, ilitumiwa kuwafanya mbung'o madume wawe tasa, hata wadudu hao wakatoweka kisiwani.

Kisha tueleze hatari. Tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka. Iodini yenye mionzi iliangukia malisho. Ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya tezi ya shingoni.

Mwanafunzi atauliza: sumu hiyo hudumu kwa muda gani? Tumpe punje 64 za mahindi zilizopakwa wino upande mmoja. Azirushe mezani, aondoe zote zilizoonyesha wino, ahesabu zilizobaki, kisha arudie. Kila mara itaondoka karibu nusu. Baada ya mirusho sita itabaki punje moja hivi. Kwa iodini hiyo, mrusho mmoja ni siku 8, hivyo mirusho sita ni siku 48. Kwa sizi-137, iliyomwagika pia Chernobyl, mrusho mmoja ni miaka 30 hivi. Mirusho sita ni miaka 180. Hapo darasa litatambua lenyewe kwamba hatari nyingine hupita upesi, na nyingine hurithiwa na vitukuu.

Mwisho, tuwaachie wajadiliane swali hili: ikiwa umeme tutautumia sisi, ni nani atakayezilinda taka zake? Tusiwajibie haraka. Raia wa kesho hana budi kuzoea kupima kabla ya kuamua.