Reli ya Kati (Tanzania)

Reli ya Kati ni njia ya reli nchini Tanzania inayounganisha bandari ya Dar es Salaam na Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, ikipitia Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni na Tabora. Urefu wake ni takriban kilomita 1,250. Kutoka Tabora kuna tawi kubwa linalokwenda Mwanza kwenye Ziwa Viktoria. Upana kati ya vyuma viwili vya reli ni milimita 1,000, ndiyo maana huitwa pia "reli ya mita". Mwendeshaji wake ni Shirika la Reli Tanzania (TRC).

Isichanganywe na TAZARA, kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya kwenye ramani kwa sababu reli zote mbili huanzia Dar es Salaam. TAZARA inaelekea Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, na upana wake ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini inatosha kulizuia behewa la upande mmoja lisipite upande mwingine. Tangu mwaka 1998 mizigo huweza kuhamishwa kutoka reli moja kwenda nyingine huko Kidatu, mwisho wa tawi linalotoka Kilosa.

Ujenzi

Kabla ya reli, njia kuu ya bara ilikuwa ile ya misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Mzigo wote ulibebwa kichwani au begani, na safari ilichukua miezi. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, kazi ikifanywa na kampuni ya Philipp Holzmann. Morogoro ilifikiwa mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Reli iliifuata njia ya misafara katika sehemu kubwa, ila mwanzo wake haukuwa Bagamoyo. Uamuzi huo ndio ulioipa Dar es Salaam ukubwa wake na kuiacha Bagamoyo kuwa mji mdogo.

Miezi michache baada ya reli kukamilika Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Meli ya Graf von Goetzen, iliyotengenezwa Papenburg nchini Ujerumani, ilikuwa imeletwa vipande vipande katika masanduku, ikasafirishwa kwa reli na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Baadaye Waingereza waliiopoa, na tangu mwaka 1927 ikatumika kwa jina la Liemba. Wakati wa kurudi nyuma mwaka 1916 Wajerumani walivunja madaraja mengi ya reli, na Waingereza walilazimika kuyajenga upya ili waweze kuitumia. Wabelgiji waliokuwa wametoka Kongo waliingia Kigoma na Tabora mwaka huohuo. Baada ya vita, kwa mapatano ya mwaka 1921, Ubelgiji ilipewa maeneo ya bandari huko Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya bidhaa za Kongo, Rwanda na Burundi. Maeneo hayo yalijulikana kwa jina la Belbase.

Matawi

Tawi la Tabora–Mwanza, lenye urefu wa karibu kilomita 380, lilifunguliwa mwaka 1928 na kuisafirisha pamba ya Usukuma. Kabla ya hapo pamba hiyo ilivuka ziwa na kupitia Kisumu na Mombasa. Mwaka 1950 lilifuata tawi la Kaliua–Mpanda kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Machimbo yalifungwa, reli ikabaki, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia ya kuaminika ya kufika Mpanda wakati wa masika. Mpango wa karanga wa Kongwa nao ulipata tawi lake kutoka Msagali. Mpango uliposhindwa, tawi liling'olewa.

Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilikaa peke yake hadi mwaka 1963, kipande cha kutoka Ruvu kilipoiunganisha na Reli ya Kati. Kwa kuwa Reli ya Tanga ilikuwa tayari imeungana na Kenya kupitia Kahe na Voi, behewa sasa liliweza kutoka Kigoma hadi Mombasa au Kampala bila mzigo kushushwa njiani.

Shirika na wafanyakazi

Kuanzia mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa na shirika moja la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Nairobi. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma kwa siku 82, mojawapo ya migomo mirefu kabisa katika historia ya nchi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda TRC. Karakana kuu ilikuwa Nairobi, hivyo shirika jipya lilianza bila mahali pa kufanyia matengenezo makubwa ya vichwa vya treni. Baadhi ya matatizo ya miaka iliyofuata yana mizizi hapo. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa kampuni ya Tanzania Railways Limited, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 na serikali asilimia 49. Mkataba ulikusudiwa kudumu miaka 25, lakini haukufika hata mitano, na serikali ikairudisha reli mikononi mwake.

Jinsi inavyofanya kazi

Njia ni moja, si mbili. Treni zinazokutana hupishana stesheni, moja ikiingia njia ya pembeni na kusubiri. Kwa hiyo treni moja ikichelewa Dodoma, nyingine inayotoka Tabora nayo huchelewa, ingawa yenyewe haina hitilafu yoyote.

Jambo la pili ni uzito wa chuma. Reli hupimwa kwa ratili kwa kila yadi moja ya urefu. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa na vyuma vya ratili 56 hadi 60, ambavyo havivumilii behewa zito wala mwendo mkubwa. Mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulibadilisha vyuma vyepesi kati ya Dar es Salaam na Isaka kwa vyuma vya ratili 80 na kuimarisha madaraja. Isaka, iliyoko kwenye tawi la Mwanza, ina bandari kavu ambako mizigo ya Rwanda na Burundi hupakiwa kwenye malori. Mwanza yenyewe ina gati la meli ya MV Umoja inayobeba mabehewa mazima hadi Port Bell nchini Uganda.

Jambo la tatu, na gumu kuliko yote, ni maji. Kati ya Kilosa na Gulwe, karibu kilomita 80, reli inapanda kutoka tambarare za Morogoro kwenda nyanda za juu za Dodoma kwa kufuata bonde la mto Mkondoa. Kwa injini za mvuke za wakati ule chaguo lilikuwa la busara, kwani bonde lilitoa mteremko wa taratibu katikati ya milima. Lakini maji ya mto huo hutoka nchi kame ya Dodoma kupitia mto Kinyasungwe, na mvua inaponyesha huko hushuka kwa ghafla yakiwa na mchanga mwingi. Mchanga huinua kina cha mto, mto huhama mkondo na kula tuta la reli kutoka pembeni. Mvua za El Niño za 1997–1998 zilileta uharibifu mkubwa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalisomba njia vibaya kiasi kwamba usafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma ulikatika kwa miezi kadhaa. Kuinua tuta mahali pamoja husaidia kwa misimu michache tu, maana mto hutafuta mahali pengine.

Ajali mbaya kuliko zote ilitokea tarehe 24 Juni 2002 huko Igandu, mkoani Dodoma. Treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma bila breki na kugongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walifariki.

Reli ya kisasa (SGR)

Mwaka 2017 ulianza ujenzi wa reli mpya ya umeme yenye upana wa milimita 1,435, inayofuata mwelekeo uleule. Abiria walianza kusafiri Dar es Salaam–Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, kwa treni zinazoweza kwenda kilomita 160 kwa saa. Katika milima ya Kilosa reli hii imepitishwa kwenye mahandaki badala ya kuandamana na mto wakati wote. Magharibi ya Dodoma, wakati huduma hiyo ilipoanza, abiria wa Tabora, Mpanda na Kigoma waliendelea kutegemea reli ya mita.