Mchungaji Aliyetengeneza Karatasi

Likizo iliyopita nilimwambia baba mdogo kwamba natamani kuwa mchungaji. Hakunikasirikia, aliniuliza tu, "Mwanangu, na utakula nini?" Nilikosa jibu. Tuliporudi shuleni nikaanza kusoma habari za Wamennonite, kwa kuwa kanisa hilo liko kwetu pia. Wamisionari wao kutoka Marekani walifika Shirati, upande wa Tanganyika, mwaka 1934, na toka huko likavuka mpaka kuingia Kenya. Katika kusoma ndipo nilipomkuta mzee mmoja, William Rittenhouse, nami nimeona heri niwaeleze wenzangu habari zake.

Mzee huyu alizaliwa Ujerumani mwaka 1644, upande wa Mülheim. Alihamia Uholanzi akifanya kazi ya karatasi, kisha mwaka 1688 hivi akavuka bahari na jamaa yake mpaka Pennsylvania, akakaa Germantown, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Philadelphia. Wamennonite ni wafuasi wa Menno Simons, aliyeacha upadre mwaka 1536. Hawabatizi watoto wachanga wala hawakubali kushika silaha, na kwa ajili hiyo wengi waliteswa huko Ulaya. Katika Pennsylvania, koloni ya William Penn, waliruhusiwa kuabudu bila kuudhiwa.

Mwaka 1690, pamoja na mpiga chapa William Bradford na wenzao wengine, Rittenhouse alijenga kinu kando ya kijito. Kilikuwa kinu cha kwanza cha karatasi katika makoloni ya Waingereza huko Amerika. Usifikiri, msomaji, kwamba karatasi siku zile ilitoka kwenye miti. Ilitoka kwenye matambara! Walikusanya nguo kuukuu za kitani, wakazichambua na kuzilowesha, na nyundo zilizoendeshwa kwa nguvu za maji zikazitwanga hata zikawa kama uji. Mtu alichovya chekeche la nyaya katika pipa la uji huo, akalitikisa, maji yakachuruzika, ukabaki utando mwembamba. Utando ulilazwa juu ya kitambaa cha sufu, ukakandamizwa, kisha ukaanikwa. Karatasi moja, kisha nyingine, siku nzima. Katika chekeche walisuka herufi za waya, na ukiiinua karatasi kwenye mwanga unaziona: WR. Tangu nisome hayo nimeacha kurarua kurasa za daftari ovyo.

Mnamo mwaka 1700 hivi mafuriko yalikizoa kinu. Mzee alikuwa amekwisha kupita miaka hamsini. Penn mwenyewe aliwaomba watu wamchangie, na kinu kikajengwa tena.

Na uchungaji, je? Wamennonite wa Germantown walikuja bila mhubiri. Walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakafundishana wenyewe, hata wakaona afadhali wapige kura. Kura zikamwangukia fundi wa karatasi. Wahubiri wao siku hizo hawakulipwa mshahara, kwa hiyo aliendelea na matambara yake kama kawaida, na Jumapili akahubiri.

Lakini kulikuwa na tatizo. Kwa desturi yao mhubiri hakubatiza mpaka awekewe mikono na mzee wa kanisa aliyekwisha kuwekewa yeye mwenyewe, na katika Amerika hapakuwa na mzee wa namna hiyo. Walipeleka maombi Ulaya wapate mtu. Hakuja mtu. Vijana waliofika wadogo wakawa watu wazima, wakangoja. Rittenhouse alifariki Februari 1708. Mwezi wa Mei mwaka ule ule mwenzake, Jacob Gottschalk, aliwabatiza watu 11, nao ndio wa kwanza katika kanisa lile.

Hapo ndipo ninaposhindwa kupita upesi. Kazi ya kinu aliiona matunda yake, maana karatasi zilihesabika kila jioni. Ile nyingine aliifanya miaka kadhaa, akafa miezi mitatu tu kabla ya ubatizo wa kwanza. Mwanawe Nicholas alirithi vyote viwili, kinu na kuhubiri, nami nadhani asingevitaka kama angemwona baba yake akivijutia.

Baba mdogo nimekwisha kumwandikia barua, kurasa nne, na nyingi ya hizo ni habari za matambara. Bado hajanijibu.