Istilahi "Vidonda vya Tumbo" na Jeni za Kudhuru za Helikobakta Pilori

1.0 Utangulizi

Katika kata ya Ngokolo, mjini Shinyanga, kama kwingineko nchini Tanzania, msemaji wa Kiswahili asemapo "nina vidonda vya tumbo" huweza kukusudia mambo matatu: kwamba tumbo linamwunguza, kwamba amepimwa akakutwa na bakteria, au kwamba ana kidonda hasa. Makala haya yanaeleza kwa nini dhana hizo hazina budi kutenganishwa.

2.0 Bakteria na Jeni Zake

Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha bakteria aina ya helikobakta pilori. Mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Ilibainika kuwa vidonda vingi husababishwa na bakteria hao, wala si mawazo au pilipili. Hata hivyo, wengi walioambukizwa hawapati kidonda maishani.

Sehemu ya tofauti hiyo imo katika jeni. Jeni iitwayo cagA, ambayo baadhi ya bakteria hao hawana, huzalisha protini inayochomwa ndani ya seli za ukuta wa tumbo kwa kiungo mithili ya sindano, ikavuruga utendaji wake. Jeni ya vacA wanayo takriban wote, ila kwa maumbo tofauti. Sumu yake hufanya viputo ndani ya seli, na baadhi ya maumbo yake hudhuru zaidi. Jeni hizo haziamui peke yake: mwili wa mgonjwa, chakula na uvutaji wa sigara navyo huchangia.

3.0 Suala la Istilahi

Uwezo huo wa kudhuru uitweje? Nomino "udhuru" imekwisha kuchukuliwa na maana ya sababu ya kutotenda jambo. "Ukali" nao hurejelea ugonjwa wenyewe, na hata asidi ya tumbo. Kirai "jeni za kudhuru" kinaeleweka bila utata.

4.0 Hitimisho

Kipimo cha kawaida cha choo huonyesha bakteria tu. Hakionyeshi kidonda, wala jeni. Kidonda huonekana kwa mpira wenye kamera upitishwao kooni. Pale majibu ya kipimo yanapotafsiriwa kuwa "una vidonda", aliyeambukizwa tu huishi na hofu ya ugonjwa asiokuwa nao, na mwenye kidonda kinachovuja damu huweza kudhaniwa kuwa ana kiungulia tu. Hapo kosa la istilahi huwa kosa la tiba.