Kununua Spika za Kompyuta zenye Wufa: Kikundi Kisidanganywe na Wati



Siku hizi vikundi vingi tunavyotembelea vina kompyuta, hata kama ni laptopu moja kuukuu iliyotolewa na jamaa aliye mjini. Karani anaweka hesabu za kikundi humo, na siku ya mkutano kunaonyeshwa mafunzo ya video ya kilimo na afya. Shida huanzia hapo kwa video. Sauti ya laptopu ni ya mtu mmoja aliyeketi mbele yake. Watu thelathini wakikusanyika, wanaosikia ni wale wa safu ya kwanza, na wengine wanatazama midomo ikicheza.

Basi kikundi kinaamua kununua spika. Na kikundi kikienda sokoni bila kujua, kinarudi na kelele.

Tunasema hivi kwa sababu tuliona kwa macho. Kikundi kimoja cha kina mama hapa Ukambani kilichanga shilingi hamsini kwa wiki kila mmoja, miezi miwili na zaidi, mpaka pesa zikatosha seti yenye wufa kubwa. Dukani muuzaji aliwachezea wimbo wa injili. Sakafu ilitetemeka, mmoja akaanza kucheza pale pale, na pesa zikatoka. Sanduku liliandikwa wati elfu tano. Jumamosi iliyofuata tulileta video ya kukausha na kuhifadhi mahindi. Tuliwasha, ukumbi ukajaa mvumo: dum, dum, dum. Tulipouliza maswali mwishoni, nyanya mmoja aliyeketi nyuma alitwambia, "Mwalimu, nimesikia ngoma. Maneno sijasikia."

Wale wa hapa wanajua kwamba somo la mahindi si mchezo. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yalisababisha ugonjwa kwa watu 317 upande huu wa nchi, hasa Makueni na Kitui, na watu 125 wakafa. Mama aliyekosa kusikia kwamba mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu amekosa jambo kubwa. Kosa lilikuwa letu pia. Tuliwaambia tu "nunueni spika", hatukuwaeleza ni spika gani.

Wufa ni nini hasa?

Sokoni watu huita seti nzima "wufa". Kwa kweli seti ina sehemu mbili. Kuna spika ndogo, kwa kawaida mbili, na kuna sanduku kubwa linalokaa chini, ambalo mafundi huliita sabwufa. Ukiona imeandikwa 2.1, maana yake ni spika ndogo mbili na sabwufa moja. 3.1 ni ndogo tatu na sabwufa moja, na 5.1 ni ndogo tano. Laptopu ya kawaida hutoa sauti ya njia mbili tu, kushoto na kulia, kwa hiyo hizo nyingine za 5.1 mnalipia bila faida kubwa. 2.1 inatosha.

Wenye kwaya wataelewa haraka. Sabwufa ni besi ya kwaya, na spika ndogo ni soprano, alto na tena. Besi hupendeza, lakini mara nyingi maneno ya wimbo mtu huyapata kwa zile sauti za juu. Sauti ya mwanamume anayeongea huanzia karibu mitetemo 85 kwa sekunde, na ya mwanamke juu zaidi. Lakini herufi zinazotenganisha neno na neno, kama s, f, t na k, ziko juu sana, mitetemo 2,000 na kuendelea. Sabwufa hufanya kazi chini huko, kama 150 kushuka. Hebu fikirini simu: kwa miaka mingi simu ilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 peke yake, besi hakuna kabisa, na bado tulielewana na watoto wetu walioko Mombasa.

Sasa besi ikizidi inafunika zile herufi. Mtu wa nyuma hajui kama daktari kwenye video amesema saa tatu ama saa tano.

Je, sabwufa haina maana? Hapana, hatusemi hivyo. Sabwufa nzuri hubeba mzigo wa besi, na spika ndogo zikabaki na kazi ya maneno bila kukoroma. Na kama kikundi kinataka pia kuonyesha mpira ama kukodisha seti kwa sherehe ili kupata kitu cha mfuko, watu watadai besi, hamtakwepa. Lakini kama kazi yenu ni masomo tu, pesa zile zile zikinunua spika mbili nzuri zisizo na sabwufa, mtasikia maneno vizuri zaidi. Haya ndiyo maoni yetu, na wauzaji hawatayapenda.

Wati za sanduku na wati za kweli

Hapa ndipo pesa nyingi za vikundi hupotelea. Kwenye sanduku utaona "5000W PMPO" ama hata zaidi. PMPO ni hesabu ya muuzaji. Haina kanuni moja inayofuatwa, na kila mtengenezaji anaweza kuandika anavyopenda. Nambari ya kutafuta ni ile iliyo na herufi RMS, yaani nguvu ambayo seti inaweza kutoa ikiendelea, si mlipuko wa kufumba na kufumbua. Kwa mfano, seti ya 2.1 ya Logitech inayoitwa Z313 imeandikwa wati 25 RMS: sabwufa 15, na spika ndogo tano tano. Mtu akiiweka kando ya sanduku la elfu tano atacheka. Lakini 25 hizo ni za kweli.

Kama RMS haikuandikwa, geuzeni sabwufa mtazame kibandiko cha nyuma, pale stima inapoingia. Pameandikwa kitu kama 240V, 50Hz, halafu wati. Kama ni wati 40, basi seti hiyo inavuta 40 kutoka kwa stima. Itatoa elfu tano kutoka wapi? Mtu hachoti debe tano kwenye mtungi wa debe moja. Fundi naye akiifungua, mara nyingi kwa seti za bei nafuu atakuta ndani IC inayoitwa TDA2030 ama nduguye. IC hiyo moja hutoa kama wati 14. Zikiwa tatu, mnafika 42.

Na msiogope nambari ndogo. Sikio halihesabu kama duka. Ili sauti isikike mara mbili ya ilivyokuwa, zinahitajika wati karibu mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya wati 20 na wati 30 hamtaisikia sana. Kwa chumba cha watu thelathini ama arobaini, wati 25 hadi 40 za RMS zinatosha kabisa. Kwa baraza la nje chini ya mti hizi si vyombo vyake. Huko mtahitaji vipaza sauti vya pembe, na hiyo ni habari nyingine.

Mkifika dukani

Nendeni watu watatu, na mmoja awe mweka hazina. Bebeni laptopu yenu na rekodi ya mtu anayeongea, ikiwezekana mwanamke, kwa lugha ambayo nyote mnaielewa. Msikubali wimbo wa muuzaji. Wimbo wake ameuchagua, anajua ni upi unaouza.

Kwanza zungusheni kitufe cha besi mpaka chini kabisa, msikilize ile sauti ya mtu. Maneno yakiwa safi, seti hiyo ina msingi. Mmoja wenu aende mpaka mlangoni, hata nje barabarani, aseme alichosikia. Kisha ongezeni sauti polepole mpaka pale inapoanza kukwaruza. Kama inakwaruza kabla ya nusu, wacheni. Baadaye ongezeni besi kidogo, mguse sanduku: lisitetemeke kama bati lililolegea. Sanduku la mbao iliyobanwa ni bora kuliko la plastiki. Ligongeni kwa kidole, la mbao hujibu kwa sauti fupi nzito.

Tazameni na spika ndogo. Seti nyingi za bei ya chini zina sabwufa kubwa ya kutisha na vispika vidogo kama kikombe cha chai, na ndivyo ilivyokuwa ile ya kina mama wetu. Ukubwa wa inchi tatu kwa kila spika ndogo ni wa kutafuta. Pimeni pia waya zake. Zikiwa za mita moja hamtaweza kuzitenganisha.

Halafu punguzeni sauti mpaka sifuri na mtege sikio. Kama kuna mvumo mkubwa, ulizeni. Wakati mwingine mvumo unaletwa na chaja ya laptopu, kwa hiyo chomoeni chaja kwanza kabla ya kumlaumu mwenye duka. Waacheni wacheze robo saa nzima, mguse nyuma. Joto kidogo ni kawaida, lakini harufu ya kuungua si kawaida.

Muuzaji atawaonyesha Bluetooth, redio, mahali pa flashi, rimoti na taa za rangi. Redio na flashi zina faida, kwa maana seti itaongea hata laptopu ikiharibika. Bluetooth ni nzuri kwa muziki wa simu, lakini kwenye video mara nyingi sauti huchelewa nyuma ya midomo. Tumieni waya unaoingia kwenye lile tundu dogo la duara la laptopu. Taa za rangi hazifundishi mtu.

Kuna pia spika zilizotumika kutoka ng'ambo, zile za ex-UK. Nyingine ni nzuri kuliko mpya za hapa. Lakini hazina dhamana, na sponji iliyozunguka koni hukauka ikapasuka, kwa hiyo iguseni kwa upole. Someni kibandiko. Kama ni 110V peke yake, iliundwa kwa stima ya Marekani. Mkiichomeka kwenye 240V ya Kenya itakufa siku hiyo hiyo.

Risiti iandikwe jina la kikundi, si la mwenyekiti. Dhamana iwe kwa maandishi na muhuri. "Mama, rudi tu wakati wowote" si dhamana. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, lakini bila karatasi mkononi hata sheria inakosa pa kushika.

Stima na sola

Stima ya vijijini hupanda na kushuka. Kifaa cha kinga, kama kile cha friji, kinagharimu kidogo kuliko kutengeneza seti. Wanaotumia sola wapige hesabu hivi: betri ya 12V yenye 100Ah ina kama wati-saa 1,200, na ni vizuri kutumia nusu tu, 600, ili isife mapema. Laptopu wati 50 na spika 30 ni 80, na inveta nayo hula zake, tuseme jumla 95. Hapo mna kama saa sita, masomo mawili ya asubuhi na mpira wa jioni.

Kuziweka ukumbini

Kwa kikundi kile cha kina mama hatukununua seti nyingine, maana pesa zilikuwa zimekwisha. Tulishusha besi mpaka karibu na mwisho. Sabwufa tuliitoa kwenye kona, kwa kuwa kona huizidisha. Vispika vidogo tuliviinua juu ya viti vilivyopandana, vikawa juu ya vichwa vya watu. Tulihamisha kimoja mpaka katikati ya ukumbi kwa waya mrefu ambao fundi alituungia, na kuta tupu tukazitundikia leso na magunia ili mwangwi upungue. Ikawa afadhali, si nzuri sana. Nyanya alisikia maneno mengi, na alipokosa aliinua mkono tukarudia. Mvua ikinyesha juu ya mabati, zimeni. Hakuna seti ya bei yenu itakayoshindana nayo.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuiweka. Sabwufa huwa na tundu la hewa, na panya hulipenda kwa kuzalia, kwa hiyo fungeni wavu mwepisi mbele yake. Na andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano ni nani anayekaa nayo, na kwamba haichezwi usiku nyumbani kwake. Tangu mwaka 2009 kuna kanuni za serikali kuhusu kelele, lakini hata kabla ya kanuni, vikundi viwili tunavyovijua vilikaribia kuvunjika kwa sababu seti ya wote ilikuwa inalia kwa mtu mmoja hadi saa sita za usiku, na majirani, ambao nao ni wanachama, walikuwa hawalali.